Jina Lililowekwa kwenye Mashine ya Gololi

Kila mwanamke mwenye mume anayependa michezo ya kuwekeana dau na asome hapa mpaka mwisho, na kila mama mwenye mtoto wa namna hiyo pia. Sikatazi mchezo. Mimi mwenyewe nimecheza, na mpaka leo kengele ya baiskeli ikilia mara mbili mbili vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Ninachokataza ni mtu kuweka mchezoni kitu ambacho si chake peke yake. Mume wangu Vitalis aliweka jina la mtoto wetu, na mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Tulikuwa tumepanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwa Bi Zamda, mjane aliyekuwa na meza ya mchele sokoni. Vitalis alikuwa fundi katika karakana ya reli, Gerezani. Mimi nilikuwa nampetea Bi Zamda mchele uani, gunia kwa gunia, naye ananilipa kwa chakula na senti kidogo. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba.

Ilikuwa ya tatu. Mtoto wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alikaa siku nne akaenda kabla padre hajafika, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hata mimi mama yake ningeweza kumbatiza mwenyewe, kummwagia maji na kumtaja jina. Tukamzika hivyo hivyo, hana jina. Kwa hiyo huyu wa tatu nilimwekea jina mapema. Akiwa wa kike ni Winifrida, jina la marehemu mama yangu. Akiwa wa kiume ni Polycarp, jina la baba yangu. Kila asubuhi nikijifunga khanga nilikuwa nayataja yote mawili, polepole, ili akija akute anajulikana.

Sasa hiyo mashine. Mzee Seifu, mwenye hoteli ya chai na pilau pale pembeni mwa mtaa wetu, aliinunua kwenye mnada wa vitu vya klabu moja ya mabaharia. Ilikuwa kama meza yenye miguu minne, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji, na juu ina kioo. Chini ya kioo gololi ya chuma inakimbia, inagonga vichwa vilivyokaa kama uyoga, taa zinawaka, kengele zinalia, hesabu inapanda kwa malaki kwenye ubao uliosimama nyuma, ukutani mwa mashine. Ukimpa Mzee Seifu senti kumi anakufungulia gololi tano. Unavuta fimbo yenye springi, unaiachia, gololi inapaa. Ikishuka, kila ubavu wa meza una kitufe, na ukikibonyeza, kibao kidogo kama ulimi kinairudisha juu. Gololi ikipita katikati ya vibao viwili imepotea.

Wanaume wa Kariakoo waliipenda mashine ile kuliko chakula. Waliipiga makofi, waliisukuma kwa nyonga, waliitukana. Lakini mashine ilikuwa haitaki kuonewa. Ukiitikisa kwa nguvu inawasha taa nyekundu yenye neno TILT, kisha inazima kila kitu, vibao vinakufa, na gololi inadondoka hivi hivi unaiangalia. Hakuna aliyejua neno lile maana yake nini. Walilisoma walivyoweza. Walisema mashine imeingiwa na Tiliti.

Bingwa wao alikuwa Awadhi, Mngindo wa Liwale, mshona viatu vya matairi. Sisi tulikuwa Wangoni wa Peramiho, na wajuao mambo haya wanajua kwamba Mngoni na Mngindo ni watani. Mtani anakutukana msibani na wewe unacheka. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki wala huendi polisi, unakikomboa. Na ukimwambia "chukua", basi kimekwenda mpaka ukikomboe.

Siku moja Vitalis alishindwa na Awadhi mara nne mfululizo, na mifuko yake ikawa mitupu. Awadhi akamwambia, mbele ya watu waliojaa hoteli, "Shemeji hajambo? Tumbo limefika wapi? Basi cheza mara ya tano, uweke jina la huyo mtoto."

"Jina la mtoto utalifanyia nini?" Vitalis akauliza huku anacheka.

"Nitampa ninalotaka mimi. Wewe unaogopa, Mngoni?"

Vitalis akasema, "Chukua." Akacheza. Kwenye gololi ya tatu akaisukuma mashine kwa tumbo, taa nyekundu ikawaka, na Awadhi akanyoosha mkono juu ya kioo kulionyesha lile neno. "Ndilo hilo," akasema. "Mtoto wenu anaitwa Tiliti."

Vitalis alinisimulia mwenyewe jioni ile tukila, kama kichekesho. Mimi niliweka tonge chini.

"Unajua neno lile likiwaka inakuwaje?" nikamwuliza.

"Mashine inazima. Ni mchezo, Selina."

"Inakufa," nikamwambia. "Na jina hilo wewe umempa mwanangu."

Alikuwa mtu mwema Vitalis, na alikuwa amewachimbia wawili wale kaburi kwa mikono yake. Ila hakuwa amewaza. Nawaambia, hatari ya michezo hii haiko kwa watu wabaya. Iko kwa watu wema wanaocheka.

Kesho yake nilipoingia sokoni na kapu la Bi Zamda, muuza nazi akaniita kutoka mezani kwake, "Mama Tiliti, karibu." Wenzake wakaitikia. Mpaka saa sita nilikuwa nimeitwa hivyo mara kumi na moja. Sikuweza kugombana, kwani ukigombana na mtani kila mtu anakuona mshamba. Nikaona miaka yangu yote iliyobaki, naitwa kwa taa inayozima.

Bi Zamda alinikuta uani nimeshika ungo, sipeti.

"Kitu kikichukuliwa na mtani mnafanyaje kwenu?" akaniuliza.

"Tunakikomboa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa atakachotaka yeye."

"Basi mwulize anataka nini. Usikae hapa unamwagia mchele wangu machozi."

Nilimkuta Awadhi kwenye kibaraza chake, misumari mdomoni. Nikamwambia nimekuja kukomboa jina. Akatema misumari kwenye kiganja, akanitazama mimi, akalitazama tumbo.

"Shemeji, nakuheshimu. Nyumba yenu haina kitu ninachokitaka. Lililochukuliwa mashineni linarudi mashineni. Mlete Vitalis."

"Vitalis hachezi tena. Nitacheza mimi."

Alicheka mpaka fundi mwenzake akaja kuuliza kuna nini. "Haya, Jumamosi saa tisa," akasema. "Wangoni wameishiwa askari, sasa wanaleta wajawazito."

Zilikuwa zimebaki siku tano. Kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea Mzee Seifu mchele wake wa pilau, saa moja, kabla ya wateja. Nikamwomba anifungulie gololi. Alikuna kichwa, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akafungua. Siku ya kwanza gololi zote tano zilipotea kabla chai yake haijapoa. Siku ya pili nikaipiga mashine kama nilivyosikia wanaume wanavyofanya, taa nyekundu ikaniwakia usoni, nikakaa juu ya gunia langu mwenyewe.

Siku ya tatu nilichelewa. Nilikuwa nimepeta tangu alfajiri na mikono ilikuwa bado na ule mwendo. Nikashika mbavu za meza, nikaachia gololi, na ilipokuwa inashuka katikati, kuelekea kwenye tundu, mikono ikafanya yenyewe kile inachofanya kwenye ungo. Si kupiga, si kusukuma. Ni ule mgeuko mdogo wa kiganja, wa kuziambia chuya zijitenge na mchele ziende ukingoni. Meza haikusogea hata unywele. Gololi ikapinda kidogo, ikatua juu ya kibao cha kushoto. Nikakibonyeza. Kengele zikalia mpaka Mzee Seifu akatoka jikoni na mwiko.

"Umefanyaje?"

"Nimepeta," nikasema.

Ukiupiga ungo unamwaga mchele. Ukiubembeleza, kila punje inakwenda unakotaka. Wanawake wote wa uani kwetu walijua hivyo. Ila hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuigusa ile mashine.

Jumamosi saa tisa hoteli ilijaa, na waliokosa nafasi walikaa madirishani. Bi Zamda alinitangulia akifungua njia kwa viwiko. Vitalis alisimama mlangoni, amevaa bado nguo za karakana, haingii wala haondoki.

Awadhi akauliza masharti mbele ya wote. Nikasema, "Nikishinda jina linarudi, na wewe utapita kutoka hapa mpaka sokoni ukitangaza kwamba mimi ni Mama Winifrida."

"Akiwa dume?"

"Utarudia safari."

Watu wakacheka. "Na ukishindwa?"

"Nitaitikia Mama Tiliti, na sitanuna."

Alicheza yeye kwanza, na sitamnyima haki yake, alicheza vizuri. Hakuipiga mashine siku ile, alikuwa mwangalifu kama mtu anayetembea juu ya mayai. Gololi yake ya tano ilipopotea hesabu ilikuwa laki saba na nusu. Wengi pale hawakuwa wameiona namba ile ikiwaka. Akajifuta jasho, akanipisha kwa kuinama. "Karibu, Mama Tiliti."

Tumbo lilinizuia kusimama sawasawa, nikasimama ubavu, mguu mmoja mbele, kama mtu anayechota maji kwenye bomba lenye foleni. Gololi ya kwanza ilinipotea nikiwa na hofu. Laki moja tu. Mtu mmoja akaimba jina lile polepole, wengine wakampokea. Ya pili ikanipa laki mbili. Ya tatu ikaingia moja kwa moja kwenye tundu hata sijaigusa, nikasikia Vitalis mlangoni anasema "Mungu wangu". Ya nne ikanipandisha mpaka laki nne. Ikabaki moja.

Nilivuta ile fimbo, nikaliacha lile jina linitoke mdomoni kama asubuhi nyingine yoyote. Winifrida. Nikaachia.

Sasa sijui niwaelezeje. Ilipaa, ikagonga uyoga wa kwanza, wa pili, ikarudi, nikaipeta kushoto, kibao kikairudisha. Ikashuka kulia, nikaipeta kulia. Laki tano. Hakukuwa tena na hoteli wala watu, palikuwa na ile gololi na viganja vyangu, na kengele zinakwenda kama mvua juu ya bati. Laki sita. Mtoto akapiga teke kali, meza ikaguna, nami nikangoja taa nyekundu iwake. Haikuwaka. Gololi ilikuwa imeruka kutoka ukingoni na kurudi katikati ya uyoga.

"Hawa ni wawili!" Awadhi akapiga kelele. "Mtoto anamsaidia mama yake!"

"Jina si la kwake?" Mzee Seifu akamjibu. "Mwache adai."

Laki saba. Saba na nusu. Gololi ikashuka tena katikati, mahali pale pabaya, nami nikaifanyia lile jambo moja, kidogo tu, kama nimeona kijiwe kimoja kwenye mchele wa harusi. Ikatua kibaoni. Nikabonyeza. Ikapanda ikagonga uyoga wa juu kabisa, na ukutani mwa mashine laki nane ikawaka.

Sikusikia gololi ilipopotea. Bi Zamda alikuwa amenikumbatia kwa nyuma na anapiga vigelegele sikioni mwangu, watu wanapiga meza kwa vikombe, na mashine yenyewe ikagonga tumboni mwake, ko, maana ukifika laki nane ilikuwa inatoa mchezo wa bure. Awadhi alivua kofia yake akaiweka chini mbele ya miguu yangu. Kisha akatoka nje, na nikamsikia akianza palepale mlangoni, kwa sauti ya mnadi, "Jamani, mwenye masikio, huyu ni Mama Winifrida! Mngindo amepigwa! Amepigwa na mwenye mimba!" Watu wakamfuata mpaka sokoni.

Hapa ningeweza kuishia, nikaonekana shujaa. Lakini naandika ili muonywe, kwa hiyo nitasema na hili. Mimi sikumfuata. Nilibaki na ule mchezo wa bure. Nikaucheza nikashindwa vibaya. Nikatoa senti kumi ya mboga nikacheza tena, nikashindwa. Nilikuwa natafuta nyingine kwenye pindo la khanga Bi Zamda aliponishika mkono.

"Ulikuja kutafuta nini hapa?"

"Jina."

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Basi twende nyumbani."

Nilikwenda, ila nililia njiani, na si kwa furaha peke yake. Mnaona jinsi mchezo ulivyo mtamu. Mashine ile iliondolewa mwaka uliofuata, na mimi mwenye akili zangu naikumbuka kama watu wanavyokumbuka wimbo wa ujana wao. Ikirudi leo sitaingia mlango huo. Sijiamini.

Mtoto alizaliwa wiki ya saba baada ya siku ile, wa kike, analia kwa nguvu hata mkunga akacheka. Siku ya nne sikulala wala sikumweka chini. Siku ya tano ikafika akiwa ananyonya. Jumapili tukampeleka kanisani. Awadhi alikuja na kuku wawili akangoja nje kwenye ngazi, akiwaambia waumini wanaoingia kwamba Wangoni bado wana deni lake la kofia.

Padre akauliza, kama ilivyo ada, mtoto anaitwa nani. Alimtazama Vitalis, maana baba ndiye hujibu. Vitalis akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua moja, akaniachia nafasi. Nikamwinua mwanangu juu kidogo, nikalitaja jina lake kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngazi.