Jua Kwenye Dari ya Mama

Mama yake Fundi Vioo alikuwa amesubiri miaka sabini kuliona jua likipatwa, na siku ilipowadia, alikuwa amelala chali, plasta imemfunga kutoka nyonga hadi kisigino.

Kisa cha kusubiri kwake kilijulikana kwa kila aliyewahi kunywa chai chumbani mwake. Alipokuwa msichana wa shule ya bweni, jua lilipatwa wakati wa somo la hesabu. Mwalimu mkuu, akiogopa watoto wasije wakapofuka, aliamuru madirisha yafungwe na mablanketi yatundikwe juu yake. Wasichana wakakaa gizani wakikariri jedwali la saba, huku nje majogoo wakiwika mchana kweupe. Mama alisikia kila kitu, hakuona chochote. Kwamba mwalimu alikuwa na wajibu wa kulinda macho ya watoto wa watu, hilo Mama hakulikana kamwe. Ila yale mablanketi hakuyasamehe.

Sasa jua lingepatwa tena, alasiri, kwa sehemu kubwa, na Mama alikuwa ghorofani, juu ya karakana ya mwanawe. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, na mbele ya dirisha mabati ya kukinga mvua yalikuwa yameinama kama kofia iliyovutwa usoni. Hewa iliingia, kelele za karakana ziliingia, jua halikuingia. Daktari alikuwa amekataza asiinuliwe mpaka mfupa ushike. Na hata angeruhusu, ngazi ya nyumba ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba kabati la nguo lilipandishwa kwa kamba kupitia nje.

"Tutakuonyesha kwenye simu, Mama," alisema Fundi Vioo.

"Picha ya chakula imemshibisha nani?"

 Dada yake mdogo, Mfamasia, ndiye aliyejibu. Huyu alikuwa mwanachama wa chama cha watazama anga, watu wasio na cheo wala mshahara katika elimu ya nyota, bali wenye darubini za mkono wa pili na subira nyingi. Mteja aliyefika kutafuta dawa ya kikohozi aliweza kuondoka akijua pia kwamba nuru ya jua hutumia zaidi ya dakika nane kutufikia.

"Jua likikataa kuja dirishani, tutalipeleka," alisema. "Kaka, weka kioo cha kujitazamia uani, ukielekeze kwenye dari ya Mama. Lakini kiwe kidogo. Kama ukucha wa kidole gumba."

"Kama ukucha?"

"Kama ukucha. Kikiwa kikubwa utampelekea mwanga tu, si jua. Kikiwa kidogo, na dari iko mbali, kinachora sura ya jua lenyewe, na pale lilipomegwa utapaona."

Fundi Vioo akaitikia kwa kichwa. Lakini kuitikia kwa kichwa si kukubali. Mara nyingi ni namna ya kumaliza mazungumzo.

Alikuwa fundi mwaminifu. Hakuwahi kuuza kioo chenye kiputo, wala kumwambia mteja kwamba ufa ni mkwaruzo. Lakini tangu dada yake aondoke, neno lile la ukucha lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye, aliyetia vioo katika nusu ya maduka ya mtaa ule, ampe mama yake kipande ambacho hata kwenye pipa la mabaki hakionekani? Watu wangesemaje? Akachagua bamba bora kuliko yote karakanani, refu kama mlango. Akachovya kikatio katika mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja bila kupumua, akalivunjia kwenye ukingo wa meza, na kioo kikaachana kwa sauti moja safi. Akasugua kingo kwa jiwe, akakipangusa kwa gazeti hadi kikang'aa kama maji yaliyotulia. Upendo wake haukuwa na kasoro. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa nayo.

Siku yenyewe, Mfamasia alikuwa kwenye uwanja wa shule tangu mchana, akiwagawia wanafunzi miwani ya kutazamia jua. Alipoona jua limeanza kumegwa pembeni, alimkabidhi mwenzake miwani iliyobaki, akatoka mbio. Alipofika uani alikuta kioo kimesimama kwenye fremu ya mbao, na kaka yake amekishika kwa mikono miwili kama anayemtambulisha bibi harusi.

"Mama! Unaona nini?" Fundi aliita kuelekea juu.

"Ninaona mlango," ikajibu sauti ya Mama kutoka dirishani. "Unang'aa kweli. Lakini ni mlango, mwanangu."

Fundi Viatu, aliyekuwa na kibanda chake pembeni mwa ua huo huo, akainua uso kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona. "Jirani, huo mlango unafunguka, au ni wa kutazama tu?"

"Shona viatu vyako, wewe!"

"Kaka," alisema Mfamasia, akihema, "nilikuambia ukucha."

"Uliniambia. Na mimi nikasema moyoni, mama yangu hapewi makombo!"

"Si makombo, ni kanuni! Kila sehemu ya kioo hiki inatupa jua lake, na yote yanalaliana. Ndiyo maana unapata mlango. Toa hiki upesi, nipe kipande chochote. Jua linazidi kuliwa, halitungoji tumalize ubishi."

"Toa hiki, toa hiki. Kana kwamba ni sahani chafu."

Akakinyanyua kwa hasira, bila glavu na bila kumwita mtu amshikie upande wa pili, mambo matatu ambayo angemfukuzia kazi kibarua yeyote. Kioo kikayumba. Fundi akaruka nyuma kuokoa miguu, na bamba bora kuliko yote likaanguka chali juu ya saruji, likatawanyika ua mzima.

Fundi Viatu akaacha sindano ndani ya soli. 

Ndipo Mama alipopiga ukelele.

Ndugu wawili wakatazamana, kisha wakakimbilia ngazi, wakibanana mabega katika ule wembamba, kila mmoja akiwaza plasta, sakafu na mwanamke mzee aliyeshtushwa na mlipuko wa kioo. Mfamasia ndiye aliyefika kwanza. Akasimama mlangoni ghafla, kaka yake akamgonga mgongoni.

Mama hakuwa ameanguka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu, na machozi yalikuwa yakimwingia masikioni kwa jinsi alivyokuwa akicheka.

Dari nzima ilikuwa imejaa majua. Kila kigae kidogo kilichoangukia mgongo kule uani kilikuwa kimerusha jua lake chini ya mabati, na kila jua lilikuwa limemegwa, jembamba, limepinda kama mwezi mwandamo. Makubwa ya ukungu, madogo makali, mengine yamepandana kama magamba ya samaki. Moja lilikuwa limetua kwenye kioo cha saa ya ukutani, jingine kwenye plasta.

"Nihesabieni," alisema Mama. "Mimi nimeshindwa."

"Lakini vigae vina pembe," alisema Fundi Vioo polepole. Macho yake yalikuwa yamesahau hasara. "Vina pembe tatu, vina pembe nne, vingine kama visu. Mbona huku juu vyote vina sura moja?"

"Swali hilo ni la kale," alisema Mfamasia. "Wayunani waliliandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: kwa nini nuru inayopita tundu la mraba inatua ikiwa duara? Hawakupata jibu la kuridhisha. Karne nyingi baadaye mwanachuoni mmoja Mwarabu akaandika kitabu kizima juu ya sura ya jua lililopatwa, inavyoonekana kupitia tundu dogo. Sura inatoka kwa jua, Kaka. Tundu linapitisha tu, na kigae kinarusha tu."

"Kwa hiyo wakubwa wale wote waliuliza nilichouliza mimi?"

"Waliuliza kabla hujazaliwa."

"Usimsifu sana," alisema Mama, "bado kioo kimevunjika."

Wakacheka wote watatu. Lakini Mama akaacha ghafla. "Linazimika moja. Lile la pembeni. Na lile! Nani anayazima?"

Kweli, majua yalikuwa yakitoweka upande wa kushoto, mstari baada ya mstari. Kutoka chini ilisikika sauti ya ufagio. Fundi Viatu, jirani mwema, alikuwa ameona fedheha ya mwenzake na kuanza kuifagia.

Fundi Vioo akachomoza kichwa dirishani, kiganja kimekinga macho yasichomwe na vigae. "Jirani! Weka ufagio chini!"

"Nakusaidia! Watu watakatwa miguu!"

"Unafagia jua la Mama!"

"Nafagia nini?"

"Panda uone! Na funga lango, mtu asiingie!"

Fundi Viatu akapanda na aproni yake ya ngozi, akatazama juu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Baada ya muda akasema, kwa heshima ambayo hawakuizoea kwake, "Mama, mimi niliishi na jua hili miaka yote nikidhani nalifahamu."

Walikaa hapo wote wanne. Jua lilivyozidi kushuka kule nje, majua ya ndani yaliteleza darini, yakavuka kona, yakaanza kuteremka ukutani, huku yakinenepa polepole. Moja lilipofika usawa wa kitanda, Mama alifungua kiganja akalipokea. Lilikuwa limebakiza pengo dogo tu ukingoni. Alilitazama likijaa mkononi mwake mpaka likawa duara kamili.

"Litapatwa tena lini, hapa kwetu?" aliuliza.

Mfamasia akasita kidogo. "Miaka kumi na mmoja, Mama."

Mama akafumba kiganja juu ya nuru, na nuru ikabaki juu ya ngumi.

"Basi nitakuwa na tisini na mbili," alisema. "Mwaka huo nitashuka ngazi mwenyewe. Fundi, kafagie."