Mazishi ya Aliyezidi Mstari

Usiku wa jana niliota kwamba nyumbani kwetu kuna msiba, na kwamba mimi peke yangu sikuarifiwa.

Sikushangaa sana. Nilikuwa nimelala na shaka. Mchana wake nilikuwa nimeandaa tangi langu la kwanza la samaki: nikaosha changarawe hadi maji yakatoka safi, kisha nikapanda mimea kwa mistari miwili iliyonyoka, kwa rula, kama tulivyofundishwa kwenye chuo cha ualimu kupanda bustani ya shule. Mmea mmoja tu, wenye majani mapana, ulinisumbua. Shina lake nene lilitambaa juu ya mizizi na kutokeza nje ya mstari, nami nikalididimiza lote chini ya changarawe. Kufikia jioni majani yake yalikuwa yameinama, na kando yake alikuwapo konokono ambaye sikumnunua.

Nililala nikimshuku konokono.

Ndotoni ninafungua mlango wa sebule, na sebule ni ndani ya tangi. Maji yamefika darini, lakini mikeka imetandikwa vizuri na hailowi. Wanaume wameketi upande wa chujio, wanawake upande wa pampu ya hewa. Mke wangu, Mama Stumai, anapita na birika la kahawa.

"Baba Stumai, ndiyo unafika saa hizi?"

"Amekufa nani?"

"Hata haya huna. Kaa, watu wanakutazama."

Ninakaa. Jirani yangu mkekani ni konokono, amevaa kofia iliyofumwa kwa mkono.

"Poleni sana," anasema.

"Wewe alikualika nani?"

"Msiba hauna mwaliko, Mwalimu. Wala msihangaike na malazi. Nyumba nimekuja nayo."

Jibu lilikuwa na mantiki, na ndiyo maana lilinizidishia shaka.

"Jioni ulikuwa kando ya marehemu, yule wa majani mapana. Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikimsikiliza."

"Marehemu husema?"

"Huyu hanyamazi."

Kabla sijamhoji zaidi, mikeka ikawa uwanja wa shule, na uwanja ukawa makaburi yaliyopangwa kwa mistari miwili. Katika mstari wa pili zinaonekana ncha za majani mapana tu. Waombolezaji wanapita mmoja mmoja, na kila mmoja anatupia mafumba matatu ya changarawe, kama ilivyo desturi. Kila fumba linapoanguka, majani yanashuka. Chini kuna mtu anakohoa.

"Nani amethibitisha kifo?" ninauliza.

Rula yangu ya mbao inasimama wima mbele ya watu.

"Mimi. Alizidi mstari kwa upana wa kidole."

"Kuzidi mstari si kufa."

"Wewe mwenyewe husema kila asubuhi paredini: asiye mstarini hayupo. Asiyekuwapo tumfanyeje, Mwalimu? Tumzike."

Waombolezaji wote wanaitikia, "Naam."

Hapo sauti inatoka chini ya changarawe, nyembamba na yenye subira.

"Mwalimu, kuifukia mizizi si neno. Lakini hilo shina ni shingo yangu. Mimi ni wa kushika jiwe, si wa kuzikwa. Nikiachwa hapa, nitaoza."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilisema. Ulikuwa unapima."

Mama Stumai anafumbua kiganja changu na kukijaza changarawe.

"Tupia, Baba Stumai. Umebaki wewe tu, na pilau linapoa."

Kati ya majani yote limebaki moja juu, nalo linatetemeka. Ninaitazama mikono ya konokono, nikitafuta changarawe ya ushahidi. Hana mikono. Ninaitazama yangu. Kila ukucha una changarawe chini yake.

Nikamwaga lile fumba pembeni, nikapiga magoti, nikaanza kufukua.

"Mstari!" rula inapiga kelele. "Anaharibu mstari!"

"Jamani, mwalimu anafukua maiti!" analia mama mmoja wa upande wa pampu.

Nikamtoa. Alikuwa mzito kama mtoto aliyelala. Jiwe moja likajisogeza, likasema:

"Mweke hapa. Lakini atafungwa kwa kitu gani?"

Sikuwa na uzi. Nikang'oa kifungo cha mkono wa shati langu la kazi, nikauvuta uzi wake wa buluu. Konokono akaushika mwisho mmoja kwa mdomo.

"Kaza, ila usimnyonge," akasema. "Na hicho kifungo?"

"Sikihitaji."

"Basi nipe mimi. Nyumba yangu inaingiza baridi."

Niliamshwa na sauti ya Mama Stumai, aliyekuwa akipiga pasi.

"Baba Stumai, kifungo cha shati lako kimekwenda wapi? Jana si kilikuwapo?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Mmea wa majani mapana ulikuwa juu ya jiwe, nje kabisa ya mstari, majani yameinuka, shina limezungushiwa uzi wa buluu.

"Ni wewe uliyeufunga?" nilimuuliza Mama Stumai.

"Mimi? Nitie mkono kwenye dimbwi lako hilo? Thubutu!"

Konokono alikuwa amejibandika kwenye kioo, ametulia kupita kiasi. Nilimgongea kwa ukucha. Akajivuta ndani taratibu, akafunga mlango. Mlango ulikuwa mweupe, wa mviringo, wenye matundu manne.