Mchicha wa Zizini

Violeth hakuwa mtu wa kuahidi hovyo. Ila siku ile wanawake wa kikundi chake cha bustani walipokaa kujadili mbolea, maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Nyumbani kwa baba ipo samadi. Zizi zima."

Wakapiga vigelegele. Tangu ushirika uache kukopesha pembejeo, na wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuja na mizani yao, mbolea ya dukani pale Bariadi ilikuwa ya wenye fedha mkononi. Wao waliamua kuachana nayo kabisa. Walifunika matuta kwa majani makavu, wakapanda kunde katikati ya nyanya, na mboga zao zilifika jikoni kwa majirani zikiwa bado na umande. Lakini udongo wenyewe ulikuwa umechoshwa na pamba miaka mingi. Ulihitaji kulishwa.

Jumapili alitoka kwenye chumba alichopanga mjini, akaenda kwa baba yake, mzee Ngeleja.

"Samadi ikitoka zizini, ng'ombe hawazai," baba alisema bila kumtazama. "Subiri warudi kutoka Bukundi, tutaona."

Ng'ombe walikuwa wamepelekwa Bukundi kufuata malisho. Ndivyo Violeth alivyoambiwa mwaka uliopita, alipoachana na mumewe wa Lalago. Haya ya kutotoa samadi akayahesabu kuwa imani za kizamani. Kwenye chuo cha kilimo alifundishwa namna ya kuzungumza na wakulima wenye imani kama hizo, lakini huyu alikuwa baba yake, na hakuweza kumbishia. Wala hakuweza kurudi kwa wenzake na kusema amekataliwa. Kila alipojaribu, Nyanjige, mwenyekiti wao, alikuwa katikati ya kumsifia: "Msomi wetu huyu!"

Basi akachagua siku ya mnada wa mifugo, baba asipokuwepo.

Walikwenda asubuhi na makarai na majembe, wakicheka njia nzima. Monika, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alisema mzee akiwafumania wao watatimua mbio, Violeth abaki kufinywa masikio.

Zizi lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungukwa na uzio mrefu wa minyaa, na lango limezibwa kwa miiba. Wakaiondoa. Monika akatangulia kuingia.

"Hee! Kumbe Baba Violeth naye ana bustani!"

Zizi lote lilikuwa mchicha. Umeota wenyewe, umefika kiunoni, una majani mapana kama viganja. Hakuna tuta lao lililowahi kutoa mchicha wa namna ile. Monika alicheka peke yake. Wote walikuwa watoto wa wafugaji. Mtu akipeleka ng'ombe mbali, huacha wachache wa maziwa nyumbani, nao hulala zizini na kulikanyaga. Hapa hapakuwa na kwato iliyopita tangu mvua za mwaka jana.

"Mwangaluka," sauti iliwaamkia kwa Kisukuma nyuma yao.

Baba hakuwa mnadani. Alikuwa amevaa koti lake la mnadani, fimbo mkononi, lakini hakwenda.

"Mwangaluka, baba," waliitikia chini chini.

Nyanjige ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. "Tumekuja kukusafishia, Baba Violeth. Ng'ombe wakirudi kutoka Bukundi wakute pasafi."

"Eeh," Monika akadakia. "Watarudi wanene hao, hata langoni hawapiti!"

Upole ule wa kujifanya hawajaona kitu ulimchoma Violeth kuliko kejeli. Sasa alielewa. Mwaka mzima alikuwa akiwashukuru moyoni wazee wa Lalago kwa kumwacha aondoke bila kudai kitu.

"Hawapo Bukundi," alisema, macho kwenye vidole vya miguu yake. "Wamerudishwa Lalago. Ni mahari yangu."

"Nyamaza, ng'wanone, mwanangu." Baba alisogea. "Niliwarudisha mimi. Walidai na ndama waliozaliwa, nikawapa." Akawageukia wanawake. "Mtoto alikuja kwangu jicho limefumba kwa kipigo. Mlitaka nianze kuhesabu ng'ombe?"

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Mimi nilishindwa kusimama mnadani na fimbo isiyochunga kitu. Na wewe ungejua, usingeinua uso tena. Nikaona aibu ya mtu mmoja inatosha nyumba hii."

Nyanjige aling'oa shina moja la mchicha, akakung'uta udongo mweusi uliong'ang'ania mizizi.

"Huu tuufanyeje?" aliuliza.

"Gawaneni, kila nyumba ipate. Kisha chimbeni mpaka chini." Baba alivua koti, akalitundika kwenye nguzo ya lango, akalichukua jembe mkononi mwa Monika. "Na wewe punguza mdomo, kamata karai."

"Nimepunguza, baba," Monika alisema, na safari hii ni kweli hakuongeza.

Karai la kwanza baba alilijaza mwenyewe, akalinyanyua, akamtwisha Violeth. Violeth alishika njia ya bustanini na samadi kichwani, mikono yote miwili imeng'ang'ania karai, machozi yakishuka mpaka kidevuni na asiweze kuyafuta wala kuinamisha uso, na kila aliyekutana naye alisimama kumsalimia.