Kikaratasi cha Klorini

Kabla ya kumfunga mume wangu, Paora, kwenye mashine ya kusafisha damu, nayaacha maji yatiririke robo saa nzima, nakinga kidogo yakishapita mitungi ya mkaa wa kuchujia, kisha nachovya kikaratasi. Kikibaki cheupe, tunaendelea. Kikishika rangi, hakuna mashine siku hiyo, maana klorini ikiingia kwenye damu inaiharibu. Miaka minne hapa kijijini Hokianga hakijawahi kushika rangi. Paora ananicheka, ananiita Bibi Karatasi. Na acheke.

Jumatano kikageuka rangi ya waridi. Nikapima tena mara mbili, yale yale.

Na siku yenyewe! Dada yake, Merania, alikuwa amefariki, mwili umelazwa kwenye ukumbi wa ukoo, azikwe kesho yake, na Paora ndiye wa kumsemea neno la mwisho. Alikuwa ameshakosa zamu moja ya mashine kwa ajili ya msiba. Miguu imevimba, pumzi za shida.

Kumbe ni Tipene, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi. Alikuta ndege amefia kwenye tangi letu la maji ya mvua, na wageni wa msiba walikuwa wanalala kwetu. Akamimina galoni zima la dawa ya klorini. Ningemrarua, lakini mtu kafiwa na mama yake, alitaka wageni wanywe maji salama. Nikameza hasira zangu.

Muuguzi akaniambia kwa simu nisithubutu kuiwasha; kitanda kipo hospitali ya Whangarei, mwendo wa saa mbili. Paora akagoma. Kwetu maiti haiachwi, na yeye ndiye kaka pekee.

"Rangi yenyewe kidogo tu," akasema. "Nifunge, mke wangu. Nikifa, kaburi si liko karibu?"

Sikucheka. Niliogopa, na woga ukinishika mimi huwa mkali. Nikachukua ufunguo wa gari.

"Dada yako ana watu hamsini wa kukaa naye," nikamwambia. "Mimi nina wewe tu. Panda gari."

Alininunia njia nzima. Hospitali wakamsafisha damu, usiku huohuo tukarudi. Kesho yake alisimama mbele ya jeneza bila kushikwa mkono, akasema mpaka ukumbi mzima ukalia.

Wiki iliyofuata, tangi limeoshwa na mkaa umebadilishwa, niliingia chumbani nikamkuta keshafungua maji. Kikaratasi anacho mkononi, macho kwenye saa ya ukutani.

"Bado dakika nne," akasema. "Usinikimbize."