Shibiri Moja Kutoka Mdomoni

Mwaka ule kabla ya uhuru, mume wangu Matano alitaka tununue tepurekoda kubwa. Wanaume wakiona kikubwa hudhani ndicho kizuri! Nikakataa. Nyumba yetu ya Mtongwe imezungukwa na kuku na watoto, na maikrofoni ya ghali ingewanasa wote. Nikachagua ile ndogo ya betri, ya bei rahisi. Mwenye duka aliapa wallahi kwamba haisikii kitu kilicho mbali na mdomo zaidi ya shibiri moja.

Adhuhuri, Matano akiwa kazini, nilifunga milango, nikatundika kanga ukutani kuzuia mwangwi, nikaimba wimbo wa harusi. Kisha nikarudisha ukanda nijisikilize.

Wimbo ulitoka safi, hata jogoo hakusikika. Ulipokwisha, sauti ya mwanamke ikaniita polepole, "Mwanarehema!"

Nilikuwa peke yangu nyumbani. Bibi alinionya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu, kwani wafu hawaiti mara tatu.

"Mwanarehema!" ikaita tena. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ndipo nikaisikia, mle ndani ya ukanda, sauti yangu mwenyewe ikiitika:

"Abee."