Umande kwenye Sweta ya Mwalimu Gekara

Asubuhi ambayo Eddah Aluoch alitakiwa ama kurudishwa shuleni ama kufukuzwa kabisa, alifika mapema, soksi amezivuta hadi magotini, na usoni amevaa toba. Toba hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo siku tatu mfululizo, nyumbani kwao Kapsoit, na kwa maoni yake ilikuwa imeiva.

Kosa lake liliandikwa kwenye barua kwa maneno ya heshima: "matumizi mabaya ya mifupa ya shule." Ukweli ni kwamba Eddah alifuma kwa kroshia kofia ya kijivu, sawasawa na ile ambayo naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Gekara, haivui hata jua likiwaka. Akakivika kofia hiyo kile kiunzi cha mifupa cha maabara, akakiketisha kwenye kiti cha mwalimu huyo ukumbini, siku ya wageni. Mgeni wa heshima alikipa mkono.

Alirudishwa nyumbani wiki mbili. Siku ya kwanza tu akakalia miwani ya mama yake.

Mama yake, Jerusa, alikuwa mfumaji. Mchana alichuma chai, na akirudi alifuma sweta ambazo mchoro wake hungeuona kwa mtu mwingine, kwa sababu aliuchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, mraba mmoja kitanzi kimoja. Bila miwani, miraba ile ilikuwa ukungu mtupu.

"Basi wewe ndiye macho yangu," Jerusa alisema, akaokota vipande vya kioo sakafuni. "Utanisomea, mimi nifume. Kuna sweta lazima iishe kabla hujarudi shule."

"Ya nani?"

"Ya mtu mkubwa. Soma."

Mtu mkubwa! Eddah alimjua mmoja tu mwenye kifua kipana cha kustahili jina hilo: Irungu, karani wa kupima majani, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amemwambia mama yake mbele ya wachumaji wote, "Mama Eddah, huyu wako ni punda tu. Hiyo karo ungenunua mbuzi." Wachumaji walicheka. Eddah alilihifadhi neno hilo.

Sasa, Jerusa hufuma sweta kuanzia shingoni kushuka chini, ili mwenyewe akirefuka aongezewe pindo asinunue nyingine. Kwa hiyo mchoro wake sharti usomwe kuanzia mstari wa juu. Mtu akiusoma kuanzia chini, ua litatokea kichwa chini miguu juu. Na mchoro wa safari hii ulikuwa majani mawili ya chai na chipukizi katikati, kubwa, la kukaa kifuani. Eddah aliligeuza daftari mara moja tu, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Chipukizi lililochongoka juu liligeuka pua ndefu. Majani mawili yaliyoinama pembeni yakasimama kama masikio.

Akaanza kusoma kuanzia chini. "Kijivu ishirini na nane, kijani mbili, kijivu ishirini na nane."

Sweta ilipokwisha, yeye mwenyewe akatia sindano na kudarizi vitone viwili vyeupe juu ya ule ukijani.

"Hivyo ni nini?" Jerusa aliuliza, akipapasa.

"Umande, Mama. Majani ya huku bila umande ni ya wapi?"

Jerusa akatabasamu. "Hilo sikulifikiria. Una akili ya kubuni, wewe, ukiacha ujinga."

Eddah alijinyonya kidole kana kwamba sindano ndiyo iliyomchoma.

Na asubuhi hiyo ya kurudi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Gekara, katika shule iliyo karibu na Silibwet, na Jerusa amepakata mfuko wa karatasi. Karani wa ofisi, Chepkosgei, akachungulia mlangoni. "Mama, ngojeni dakika tano. Ako kwa simu."

"Asante, mama." Jerusa akaupigapiga mfuko. "Nimemletea ile sweta."

Eddah aligeuka polepole. "Nani?"

"Mwalimu wako. Kila nikimwona anakohoa, na hapa kuna baridi. Mtu umemdhihaki mbele ya wageni, utaenda kumwomba msamaha mikono mitupu?"

"Si ilikuwa ya Irungu?"

"Irungu?" Jerusa alicheka hadi akashika mbavu. "Irungu nimfumie kwa lipi?"

Toba usoni mwa Eddah ilianguka yote, na iliyokuja badala yake haikuhitaji kioo. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na punda mwenye ukubwa wa sahani, tayari kupanda kifua cha mtu aliyeshika faili lake. Barua ilisema wazi: kosa moja tena, nafasi yake anapewa mwingine. Na mama yake alikuwa akimpelekea punda huyo kwa mikono miwili.

"Mama, nipe nifiche nyuzi zinazoning'inia. Isionekane haijamalizika."

"Haya. Sindano ya kroshia iko kwa mkoba."

Hakuna njia ya kumgeuza punda kwa dakika tano. Lakini macho yalikuwa yamedariziwa juu tu. Yakitoka, huenda likabaki jani lililolala vibaya. Eddah aliinamia sweta, akaingiza ncha ya kroshia chini ya uzi mweupe, akavuta. Uzi ulikuwa umekaza; alikuwa ameudarizi kwa bidii ambayo hakuwahi kuitia kwenye hesabu. Ndani, simu ilikuwa bado inasikika. Kitone cha kulia kililegea, kikatoka. Akahamia cha kushoto. Jasho likamdondoka puani. Kroshia ikanasa uzi wa kijani badala ya mweupe, akairudisha nyuma kwa uangalifu, akasikia simu ikiwekwa chini.

"Karibuni," Chepkosgei akasema.

Jerusa aliichukua sweta kutoka mapajani mwa binti yake, akaikunja, akaingia nayo. Punda alikuwa amebaki na jicho moja. Sasa alikuwa anakonyeza.

Mwalimu Gekara alisikiliza salamu zote, akakohoa, akalifungua faili. Kabla hajasema neno, Jerusa alisimama na kuikunjua sweta mbele yake, mabega huku, pindo kule.

"Mwalimu, sisi hatuna kitu. Lakini hii nimeichora mwenyewe na kuifuma mwenyewe, na huyu mtoto akanisomea. Ni ya kukuomba msamaha. Jaribu uone kama inakutosha."

Mwalimu Gekara aliitazama. Aliitazama muda mrefu. Kofia yake ya kijivu ilisogea kidogo, kwa kuwa nyusi zake zilikuwa zimepanda.

"Mama," akasema taratibu, "hapa kifuani umenifumia nini?"

"Majani mawili na chipukizi," Jerusa akajibu, uso umejaa fahari. "Na umande."

Macho ya mwalimu yalihama kutoka kwa punda hadi kwa Eddah, yakatua hapo. Eddah aliona vizuri kwamba mwalimu ameelewa kila kitu isipokuwa jambo moja: hakujua kama mama naye yumo kwenye mzaha huo. Kunyamaza kungetosha kumponya. Jicho moja, jani baya, mama asiyeona vizuri, nani angethibitisha?

"Ni punda," Eddah akasema.

"Ati nini?" Jerusa akageuka.

"Nilisoma mchoro kuanzia chini, Mama. Makusudi. Nilidhani ni ya Irungu, kwa vile aliniita punda. Mwalimu, mama hajui kitu. Miwani niliivunja mimi."

Jerusa aliilaza sweta mezani. Akapitisha vidole kwenye kifua cha sweta, polepole, kutoka masikioni kuelekea kwenye pua, mstari kwa mstari. Vidole vilipofika kwenye jicho vikasimama.

"Nilikuambia wewe ndiye macho yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Eddah alitamani apigwe.

Mwalimu Gekara alifunga faili. "Mama, sweta kama hii inaweza kusahihishwa?"

"Inafumuliwa kuanzia pindo hadi shingoni. Kisha inafumwa upya."

"Siku ngapi?"

"Mimi, wiki. Huyu..." Jerusa akamkadiria binti yake kama anayepima uzi. "Huyu wiki tatu."

"Basi siku sweta itakapoingia mlango huu, naye ataingia. Aifume yeye." Akakohoa. "Majani yaangalie juu."

Nje, Jerusa hakusubiri kufika nyumbani. Alikalia benchi, akatafuta fundo la pindo, akalikata kwa meno. "Nyoosha mikono."

Eddah alinyoosha mikono yote miwili mbele, na uzi wa kijivu ukaanza kumzunguka viganjani, umejikunjakunja, bado na joto la mapaja ya mama. Kengele ya mapumziko ikalia. Wasichana wa kidato cha tatu wakamiminika uani, wakamwona mwenzao amesimama nje ya ofisi ya Gekara, mikono hewani, amefungwa kama kuku wa sokoni.

"Eddah! Leo umekivika nini kile kiunzi?"

Mikono ilianza kumuuma na punda alikuwa bado hajaguswa hata ncha ya pua.

"Usishushe," mama yake akasema, akivuta. "Na unihesabie mistari. Kwa sauti."

"Mmoja," Eddah akasema. "Miwili."