Pembea ya Pande Mbili

Mwantumu na Naeku walifiwa na watoto wao siku moja, katika ugomvi mmoja. Uhuru ulikuwa bado haujafika, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimekausha mabwawa yote ya upande wa Misima. Kisima cha Kwedigongo ndicho kilichobaki na maji. Wazigua walikuja na madebe, wafugaji wa Kimasai walikuja na ng'ombe, na vijana wa pande zote mbili walikuja na hasira zao. Sadala, mtoto wa kiume pekee wa Mwantumu, alipigwa rungu la kichwa. Koikai, kifungua mimba wa Naeku, alikatwa panga la shingo. Polisi walipofika kutoka Handeni walikuta maiti mbili zimefunikwa, moja kwa kanga na nyingine kwa shuka jekundu, na ng'ombe wameshakunywa wakaondoka.

Baada ya arobaini Mwantumu alirudi kisimani, maana msiba haukatazi kiu. Alimkuta Naeku amesimama peke yake na fimbo mkononi. Hawakuwahi kuonana, lakini kila mmoja alimjua mwenzake kwa namna alivyosimama. Nyuma yao palikuwa na gogo lililoangukia jiwe, na juu ya gogo lile walikuwa wamepanda watoto wawili, mmoja wa Kizigua na mmoja wa wafugaji. Huyu akipanda, yule anashuka. Walikuwa wakicheka.

Mwantumu alitaka kumkemea yule wa kwao ashuke. Badala yake alisimama akawatazama. Alipogeuka aliona kwamba Naeku naye amemwinulia fimbo yule wa kwao, lakini hakuishusha.

"Wewe ndiye mama Sadala?" Naeku akauliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi mama Koikai."

Tangu siku ile waliitana hivyo, kila mmoja akilitaja jina la mtoto wa mwenzake.

Mume wa Mwantumu, Isihaka, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Korogwe na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mkewe alimwomba alitengeneze lile gogo vizuri, alichonge mahali pa kukalia na kuliwekea mhimili lisiponyoke. Isihaka aliifanya kazi hiyo bila kuiamini. Aliifanya kwa sababu tangu msiba mkewe hakuwa amemwomba kitu chochote. Mwezi uliofuata alileta kamba za katani, wakafunga pembea kwenye mikwaju miwili. Baadaye akaleta ekseli ya toroli iliyotupwa, akaisimika ardhini na kuiwekea boriti juu yake, na watoto wakawa wanakaa ncha huku na ncha huku wanazungushwa mpaka wanapata kizunguzungu. Kwenye kichuguu kikubwa Naeku na wanawake wa kwao walikandika udongo na mavi ya ng'ombe kama wanavyokandika nyumba zao, wakakilainisha upande mmoja, watoto wakateleza humo mpaka kaptula zikatoboka.

Sharti lilikuwa moja, na waliliweka wale mama wawili. Hakuna kupanda peke yako, na hakuna kupanda na mwenzako wa kwenu. Kama wa upande wa pili hajafika, unangoja.

Basi watoto walingoja. Siku nyingine watoto wa wafugaji walichelewa kwa sababu ya ndama, na wale wa Kizigua walikaa pembeni mwa uwanja wakiitazama njia ya bondeni. Vumbi likionekana, waliinuka wote wakakimbia kuwapokea. Mwantumu alipoiona hali hiyo mara ya kwanza aliingia ndani akalia, kwa maana hicho ndicho alichokuwa akikitafuta: mtoto anayeitazama njia akiomba yule anayeambiwa ni adui yake afike upesi. Baada ya muda watoto wakawa wanahesabu zamu zao Kimasai, nabo, are, uni, na wale wa Kimasai wakitukana Kizigua bila kukosea.

Uhuru ulipopatikana, watu walikuja kutoka Handeni mjini kuutazama uwanja ule. Mvua zilikuwa nzuri miaka ile. Naeku alileta maziwa kwenye kibuyu, Mwantumu akampa mahindi, na vijana walichota maji bila kushikana mashati. Mwaija, binti wa Mwantumu, aliolewa palepale jirani akazaa mtoto wa kike, Zuena. Binti wa Naeku naye alizaa, wakamwita Resian. Wale bibi wawili walikubaliana kwamba wakikua watakaa gogo moja.

Hawakuwahi kukaa. Kabla hawajafikia umri wa kucheza, likaja agizo la serikali la kuhamia vijijini. Wazigua waliokuwa wametawanyika mashambani walihamishwa, na kwa kuwa Kwedigongo palikuwa na maji, hapo ndipo kijiji kilipopimwa, nyumba zikajengwa kwa mistari kuuzunguka uwanja. Wafugaji waliambiwa kuwa nao watapatiwa kijiji chao cha mifugo, mbali kule nyikani. Waliondoka asubuhi moja na punda wao. Naeku alikuja kuaga, akasema wataonana kiangazi. Viangazi vikapita.

Katibu wa kijiji alikuwa Ponsiano, Mshambaa wa Dindira, kijana mpole aliyependa watoto kwa dhati. Alipouona uwanja alifurahi kama aliyeokota kitu. Kamba akazibadili kwa minyororo. Gogo likapakwa rangi ya kijani. Aliomba vipande vya reli na toroli zima kutoka mashamba ya mkonge, akakitandika kinjia cha kuzunguka uwanja mzima, watoto wakawa wanasukumana humo kama abiria wa garimoshi. Akaweka uzio, na kipaza sauti cha kupigia muziki wa redio. Shule za Korogwe zikaanza kuleta watoto kwa lori, na wageni wa wilaya wakipita lazima waonyeshwe.

Mwantumu alimwendea akamweleza lile sharti na sababu yake. Ponsiano alimsikiliza kwa heshima, hata akavua kofia aliposikia habari za Sadala. Kisha akasema, "Lakini bibi, wale hawapo. Sharti la watu wasiokuwepo nitalisimamiaje?"

Kwa hiyo watoto wakapangwa kwa madarasa, wakapanda kwa kimo, mrefu na mrefu, mfupi na mfupi.

Jambo lililomwumiza Mwantumu si kwamba uwanja uliharibika. Alikuwa akikaa barazani akisubiri uharibike. Aliamini kuwa kicheko kile kilitokana na lile sharti, na likiondolewa, watoto watachoka, watarudi mashambani kuwinda ndege. Hawakuchoka. Walicheka vilevile, na kwa kweli walicheka zaidi, maana sasa hakuna aliyengoja. Zuena alikuwa akitoka shuleni anakiacha hata chakula chake. Bibi alimsikiliza mjukuu wake akipiga kelele za furaha kwenye toroli, akajaribu kufurahi pamoja naye, asiweze.

Kisha mvua zikakata, mwaka wa kwanza, na wa pili. Mwishoni mwa mwaka ule wa pili, Naeku alitokea kwenye njia ya bondeni akiongoza punda mmoja na ng'ombe wasiozidi vidole vya mkono. Alikuwa amekonda, na jicho moja limeanza ukungu. Nyuma yake alitembea Resian.

Walishikana mikono. Mwantumu aliwapa uji. Naeku alieleza kidogo kidogo: kijiji cha mifugo kilikuwa na bango lakini hakikuwa na maji, mkwewe amekwenda kutafuta malisho hajarudi, binti yake anaumwa. Resian hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiutazama uwanja.

"Nimemsimulia," Naeku akasema. "Njia nzima anauliza kama ni kweli."

Mwantumu alimshika mtoto mkono wakaenda. Ponsiano alikuwa langoni, akasema aingie tu, ni mgeni wa bibi. Hakuna aliyemzuia. Resian alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, kama mtu aliyeelekezwa vizuri, akakaa ncha moja. Akaweka mikono magotini akangoja.

Watoto waliokuwa karibu walisogea kwenye toroli. Waliokuwa kwenye pembea waliteremka wakasogea pia. Muziki uliendelea. Resian alitazama huku na huku, halafu akaanza kuhesabu polepole, nabo, are, uni, kwa maana bibi yake alimwambia kwamba hivyo ndivyo watoto wa pale wanavyoanza. Mmoja akaiiga sauti yake, wakacheka.

Mwantumu alimwita Zuena. Zuena alikuja akiburuta miguu, akasimama mbali na gogo.

"Kaa upande ule, mwenzako anakungoja."

"Sitaki, bibi."

"Kwa nini?"

Zuena aliinamisha kichwa. Hakuwa mtoto mkaidi, na alijibu kwa sauti ya chini, kama anayemlinda bibi yake asiaibike mbele za watu. "Huyu ni wa wale waliomuua mjomba."

Mwantumu hakuwahi kumsimulia mjukuu wake kifo kile. Aliona si lazima. Aliuachia uwanja kazi hiyo. Sasa alielewa kwamba kifo kilisimuliwa na kila mtu, jikoni, shambani, njiani, na uwanja haukusimulia kitu.

Hakumpiga wala hakumgombeza. Alikwenda yeye mwenyewe, akakusanya kanga yake, akakaa kwenye ile ncha ya pili. Gogo likalala upande wake mara moja. Resian akapanda juu, akabaki huko, miguu ikining'inia. Mwantumu alijaribu kujisukuma kwa miguu ili mtoto ashuke, gogo likainuka kidogo likarudi. Akajaribu tena. Watoto walikuwa wamejaa sasa kutazama, wakicheka kwa furaha ileile ya kila siku, Zuena kati yao akiwa amefunika uso kwa viganja. Resian hakulia. Alishikilia gogo akamtazama yule mzee aliye chini yake, akingoja mchezo uanze.

Naeku ndiye aliyekuja kumteremsha.

Walipofika njia panda Mwantumu alitaka kuomba radhi, Naeku akamkatiza. "Usiseme, mama Sadala. Angekuja wako kwetu, na sisi watoto wetu wangefanya hivyo hivyo." Hakulisema kwa kumfariji. Alilisema kama mtu anayetaja idadi ya mifugo iliyokufa. Akamswaga punda wake, wakashuka bondeni.

Kwenye mkutano wa kijiji Mwantumu alisimama akaomba uwanja ubomolewe. Watu walimwambia arudie, wakidhani hawakusikia vizuri. Ponsiano alimjibu kwa upole kuwa ni mali ya kijiji kizima, kwamba hakuna kitu kingine mwaka huu wa njaa kinachowapa watoto tabasamu. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mwaija alimvuta mama yake kando.

"Mama, watoto wana raha. Ulitaka nini zaidi ya hiyo?"

"Raha ilikuwa chambo tu, mwanangu."

Mwaija hakuelewa. Hata Mwantumu mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza kama kulikuwa na kitu zaidi ya chambo, hata miaka ile ya vumbi njiani; kama watoto wale walimpenda mtu, au walipenda pembea na mtu akawa ndiyo njia ya kuipata.

Baada ya wiki kadhaa alimwomba Isihaka, ambaye alikuwa ameshastaafu kazi ya mkonge, wafuatane kwenda kumtafuta Naeku. Walitembea tangu alfajiri. Walilifikia boma la akina Naeku mchana. Uzio wa miiba ulikuwa umefunguliwa upande mmoja, nyumba zimetobolewa mapaa, na jivu la jikoni lilikuwa baridi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kuni alisema wenyewe wamehama kuelekea Kiteto. Yule bibi mwenye jicho bovu? Alikuwa nao. Na mtoto wa kike? Mwanamke alifikiri, akasema watoto walikuwa wengi, na si wote walioondoka wakitembea.

Isihaka aliuliza tena kwa maneno mengine, akapata jibu lilelile. Mwantumu alikaa chini kivulini mwa ukuta uliobaki, akakaa sana, mpaka mumewe alipomwambia jua linakwenda.

Walirudi jioni. Mwaija alikuwa amepika ugali wa unga wa njano wa msaada na mlenda. Mwantumu alinawa akala, kwa sababu alikuwa na njaa. Zuena alikuja kukaa karibu naye. Alisubiri bibi amalize, kisha akaanza kumweleza kwamba Jumamosi lori litaleta mtelezo wa bati kutoka Korogwe, mrefu kupita nyumba, na kwamba darasa lao ndilo litakaloanza.

Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia akalale.